Maswali ya Wasomaji: Kufuli la baiskeli limegoma, na muuzaji ananielekeza kiwandani

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu kutoka Tanga. Mwezi wa pili mwaka huu nilinunua kufuli la baiskeli la umbo la U katika duka moja la vipuri jijini Dar es Salaam, kwa shilingi 60,000, na kwenye boksi lake imeandikwa kwamba lina waranti ya miaka miwili. Baada ya miezi minne ufunguo ulianza kukwama katikati ya mzunguko. Jioni moja nilihangaika nalo nje ya soko kwa karibu saa nzima, mwishowe nikaiacha baiskeli pale, nikamwomba mlinzi aniangalizie, nikarudi nyumbani kwa miguu. Kesho yake fundi alimimina oili chafu kwenye tundu la ufunguo, likafunguka, lakini baada ya siku tatu likarudia hali ile ile. Nilipompigia muuzaji simu alinijibu kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, tena waranti ni ya kiwandani, kwa hiyo niwaandikie waliolitengeneza. Risiti ninayo, ingawa maandishi yake yamefifia. Je, nina haki yoyote, au nihesabu tu kwamba fedha zimekwenda?

JIBU: Ndugu yangu, haki unayo, na mtu wa kwanza wa kumdai ni huyo huyo aliyepokea fedha zako. Anaposema waranti ni ya kiwandani hasemi uongo, ila anajibu swali ambalo hukumuuliza. Ile miaka miwili iliyoandikwa kwenye boksi ni ahadi ya mtengenezaji, aliyoitoa kwa hiari yake na kwa masharti aliyoyapanga mwenyewe. Mkataba wa mauzo, hata hivyo, uliufunga na mwenye duka, na mkataba huo una masharti ambayo sheria inayahesabu kuwamo hata kama hakuna aliyeyatamka. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina fulani auze kitu chenye ubora unaostahili kuuzwa, na chenye kufaa kwa kazi ambayo mnunuzi amemweleza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inaweka masharti ya namna hiyo katika mikataba ya walaji. Kufuli lisilofunguka kwa ufunguo wake lenyewe, baada ya miezi minne ya matumizi ya kawaida, ni vigumu kulitetea kwamba linafaa kwa kazi yake.

Maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" yamezoeleka mno hata wanunuzi wenyewe wanayaamini kama kwamba yametungwa na Bunge. Yana nafasi yake: mtu aliyenunua kufuli jeusi, akafika nyumbani akatamani jekundu, hana la kumdai muuzaji. Bidhaa yenye kasoro ni jambo jingine kabisa. Isitoshe, maneno yaliyochapwa kwenye risiti unayokabidhiwa baada ya kulipa ni vigumu kuyaita makubaliano, kwa kuwa wakati unayasoma, kama unayasoma, biashara imekwisha fanyika.

Hata hivyo, nisikupe matumaini yanayozidi kiasi. Umelitumia kufuli hilo kwa miezi kadhaa, na kwa kawaida ya sheria za mauzo mnunuzi aliyekwisha kuipokea bidhaa na kuitumia kwa muda mrefu hupoteza nafasi ya kuikataa moja kwa moja na kudai fedha zake zote, akabaki na haki ya kufidiwa kwa kasoro yenyewe. Kwa hiyo ombi lenye nguvu zaidi kwako ni kutengenezewa au kubadilishiwa, na ndilo ningekushauri ulianzie. Wafanyabiashara wengi hukaza uso wakisikia neno "fedha" lakini hulegea wakisikia "nibadilishie".

Sasa tuje kwenye oili chafu, maana hapo ndipo penye udhaifu wa hoja yako. Namwelewa fundi wako. Kwa mafundi wetu wengi hiyo ndiyo dawa ya kila chuma kinacholia. Lakini oili iliyokwisha kutumika kwenye injini ni nzito, na ndani yake mna masizi na chembe ndogo za chuma zilizosagika. Ndani ya silinda ya kufuli mna vipande vidogo vinavyotakiwa kuteleza katika nafasi nyembamba kuliko unene wa ukucha: katika makufuli mengine ni pini zinazosukumwa na springi, na katika mengine ni visahani vinavyozunguka. Oili hiyo ikiingia, siku mbili tatu za mwanzo hulainisha, kisha hukamata vumbi la barabarani na kugeuka kuwa tope. Ndiyo maana kufuli lako lilipona kwa siku tatu tu. Kiwanda kikilipokea likiwa katika hali hiyo, mtu wa kwanza kulifungua atasema limeharibiwa na mtumiaji. Jibu lako ni kwamba kasoro ilitangulia na oili ikafuata, na hilo utaweza kulionyesha iwapo una ushahidi wowote wa tarehe, kama vile ujumbe wa simu uliomtumia fundi au muuzaji kabla ya oili kuingia. Usilifiche jambo hilo. Oili chafu haionekani kwa macho tu, hata harufu yake inatosha kukusuta, na ukikanusha kitu kinachoonekana hutaaminiwa hata katika yale ya kweli.

Kuanzia leo, basi, usimruhusu mtu mwingine kuligusa. Lichunguze mwenyewe kwa utaratibu huu, na mtu wa pembeni arekodi video kwa simu. Liondoe kwenye baiskeli, utoe upinde wake wa chuma, kisha ujaribu kuzungusha ufunguo likiwa wazi. Baada ya hapo rudisha upinde na ujaribu tena likiwa limefungwa. Likizunguka vizuri wakati upinde umetolewa na kukwama tu wakati umerudishwa, silinda ni nzima na tatizo liko kwenye upinde, ambao huenda umepinda kwa kuangushwa au kwa mtu kujaribu kuupekua. Likikwama katika hali zote mbili, tatizo liko ndani ya silinda. Halafu rudia zoezi zima kwa ufunguo wa akiba, ule ambao bila shaka bado umefungwa kwenye waya wake na haujawahi kutumika. Ufunguo wa akiba ukifungua bila shida na ule wa kila siku ukakwama, basi aliyelika ni ufunguo, na unachohitaji ni ufunguo mpya. Katika hali hiyo usichongeshe kwa mfano wa ule uliolika, kwa kuwa mchonga funguo ataunakili pamoja na ulemavu wake. Chukua ule wa akiba uwe mfano.

Kuna jambo la Tanga ambalo mtengenezaji anaweza kulishika. Waranti nyingi za makufuli hazihusishi kutu, uchakavu wa kawaida na matumizi mabaya, na hewa ya chumvi ya mwambao haisubiri miaka miwili kuanza kazi yake. Angalia kutu iko wapi. Ikiwa iko juu juu kwenye upinde, mahali ambapo rangi imechubuka, haihusiani na kukwama kwa ufunguo, na useme hivyo. Ikiwa inatoka ndani ya tundu la ufunguo, swali litakuwa kama lile tundu lilikuwa na kifuniko, na kama unalifunga kufuli tundu likielekea juu, ambapo mvua huingia kama kwenye kikombe. Wengi wetu hufanya hivyo kwa sababu ni rahisi kuingiza ufunguo. Tundu lielekee chini.

Risiti iliyofifia isikukatishe tamaa. Karatasi ya mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, huandikwa kwa joto na hufutika kwa joto, kwa hiyo ukiiweka kwenye pochi inayokaliwa mchana kutwa, hata mwaka haimalizi. Ikiwa msimbo wa uhakiki bado unasomeka, unaweza kuitafuta risiti hiyo kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato. Ikiwa hausomeki, na ulilipa kwa simu, ujumbe wa muamala wenye tarehe, kiasi na jina la duka ni ushahidi mzuri. Piga picha ya hiyo iliyobaki leo leo, kwenye mwanga wa jua wa pembeni, kabla haijawa karatasi nyeupe.

Ukiwa na video, picha na tarehe, mwandikie muuzaji. Simu peke yake haitoshi, kwa sababu aliyokujibu kwenye simu hayana shahidi. Ujumbe mfupi wa WhatsApp unatosha, ilimradi uwe na heshima na uwe kamili: umenunua nini, lini, kwa kiasi gani, kasoro ilianza lini, unaomba nini, na unasubiri jibu mpaka tarehe gani. Siku 14 ni muda wa uungwana. Andika kwa mfano: "Naomba unibadilishie kufuli hili au ulipeleke kwa mtengenezaji kwa niaba yangu." Sehemu hiyo ya mwisho inampa njia ya kutokea, kwani yeye ndiye anayemjua aliyemuuzia kwa jumla, na mzigo ukirudi kwa njia uliyojia hufika haraka kuliko barua yako kwa kiwanda kilicho ng'ambo. Akitaka umpelekee kufuli, mpe pamoja na ufunguo mmoja tu, ubaki na mwingine, na uandikishe namba iliyogongwa kwenye ufunguo au kwenye kibati chake. Watengenezaji wengi huulizia namba hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Picha ya ufunguo wenyewe usiitume kwa mtu usiyemjua. Ufunguo huweza kuchongwa kwa kuangalia picha.

Akikaa kimya au akikataa, peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani, FCC, ambayo pamoja na mambo ya ushindani wa biashara ndiyo inayosimamia haki za mlaji, ukiambatanisha maandishi yale yale. Mahakama ya mwanzo nayo ipo, lakini kwa shilingi 60,000 nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam itakula nusu ya madai, na mimi binafsi nisingefika huko.

Nyongeza moja: likikwama tena likiwa limefunga baiskeli, na huna budi kulikata, mjulishe muuzaji kwanza, piga picha, kisha mwambie fundi wa grainda akate upinde na asiguse mwili wenye silinda. Vipande vyote ubaki navyo. Kufuli lililokatwa na kutupwa halina wa kulisemea.

SWALI: Mimi na mwenzangu wa kazini hapa Morogoro tulinunua makufuli ya mnyororo ya aina moja, siku moja, duka moja. Wiki iliyopita alichukua ufunguo wangu kwa makosa na ukafungua kufuli lake. Tumejaribu, na wake unafungua langu. Muuzaji anasema halina kasoro kwa sababu linafunga na kufungua vizuri. Waranti inahusika hapo?

JIBU: Inahusika, kwa maoni yangu hata zaidi kuliko kwa ndugu yetu wa Tanga, maana lake limegoma kufunguka na lenu limekubali kufunguliwa na asiyestahili. Kufuli huuzwa ili limzuie kila mtu isipokuwa mwenye ufunguo.

Angalieni kwanza namba zilizogongwa kwenye funguo zenu. Kufuli la bei nafuu lenye pini 4, kila pini ikiwa na urefu wa aina 5, kihesabu lina funguo tofauti 625 tu, na kiwanda kinaweza kutumia chache kuliko hizo ili kupunguza gharama. Namba zikifanana, mmeuziwa makufuli mawili ya ufunguo mmoja kutoka katika katoni moja, na dawa yake ni muuzaji kuwabadilishia angalau moja. Zikitofautiana, hali ni mbaya zaidi: ina maana silinda imelegea kiasi cha kukubali ufunguo usio wake, na kubadilishiwa kwa lingine la aina hiyo hiyo hakutawasaidia. Ombeni aina nyingine, mwongeze fedha kama ni lazima.

Hoja ya muuzaji kwamba "linafunga na kufungua vizuri" iliwahi kujaribiwa mbele ya dunia nzima. Mwaka 2004 ilionyeshwa Marekani kwamba makufuli ya baiskeli yenye tundu la mviringo, yakiwamo ya kampuni maarufu ya Kryptonite, yaliweza kufunguliwa kwa mrija wa plastiki wa kalamu ya kawaida. Makufuli yale yalikuwa yakifunga na kufungua bila tatizo lolote kwa wenye nayo.  Hata hivyo, kampuni iliwabadilishia wateja bila malipo.

Nendeni dukani wawili pamoja, na makufuli yote mawili na funguo zote. Mpeni muuzaji ufunguo wa mmoja mkononi mwake, na umwombe afungue yeye mwenyewe kufuli la mwingine, juu ya kaunta. Mpaka mtakapobadilishiwa, baiskeli zenu ziingizeni ndani ya ofisi, na habari hii isizidi watu wawili.