Jina "Akida" la ukoo: cheo, dini, au jina la mtu tu?

Mkuu, umesema jina la ukoo wenu ni Akida, mmoja kakwambia ni neno la dini, mwingine kashikilia kwamba babu yenu alikuwa mtawala wa Mjerumani. Hata mimi jina langu la tatu ni Akida, na hadithi zote mbili nimezisikia tangu niko shule.

Hilo la dini ni jirani tu. Akida tunayofundishwa madrasa, yaani misingi ya imani, kwa Kiarabu ni aqida. Cheo ni aqid, kiongozi wa askari, na majeshi ya Kiarabu mpaka leo humwita kanali hivyo. Shina ni moja, la kufunga fundo, ndilo lililotuzalia pia neno itikadi.

Pwani maakida walikuwepo kabla ya Mjerumani. Yeye alilikuta neno, akampa mtu wa kuwasimamia majumbe, yaani wakuu wa vijiji, kukusanya kodi ya nyumba iliyoanza 1898 na kuwaswaga watu kwenye mashamba ya pamba. Majimaji ilipolipuka Umatumbi mwaka 1905, maakida waliandamwa mapema kabisa. Kwa hiyo cheo chenyewe si cha kutambia sana, ingawa marehemu baba alikitambia. Alikuwa akisema "sisi ni watoto wa watawala" huku anaongeza chai.

Nami niliamini, mpaka nilipofungua bahasha ya babu nikakuta hati ya ndoa ya baba yake. Karatasi imekatika kwenye mikunjo, wino umefifia, chini kuna alama ya dole gumba. Mume: Akida bin Saidi.

Angalia hapo, mkuu, kwa sababu mchezo wote uko kwenye hiyo "bin". Cheo hutangulia jina: Akida Saidi bin fulani. Hapa kabla ya "bin" hakuna jina jingine, kwa hiyo Akida ndilo jina lake mwenyewe. Mwanawe, yaani babu, akawa fulani bin Akida, kisha karani wa shule akaitupa "bin", na jina la mtu mmoja likawa la ukoo. Basi na wewe tafuta karatasi ya zamani kuliko zote mlizonazo, hata kama ni risiti ya kodi, uone Akida limekaa wapi. Likitangulia jina jingine bila "bin" katikati, hapo hadithi ya utawala ina mguu wa kusimamia.

Ila kwa nini mtu amwite mtoto Akida? Nilimuuliza bibi, dada yake babu, ndiye pekee aliyebaki. Akacheka kwanza.

"Mjukuu wangu, baba yangu alizaliwa siku akida amekuja kuhesabu nyumba. Kijiji kizima kilikimbilia porini. Bibi yangu uchungu ulikuwa umeshamshika, angekimbilia wapi?"