Kwa mnaoanza kazi kwenye kampuni ya fedha iliyojitenga na kampuni mama

Ukiajiriwa leo Upper Hill au Westlands, jijini Nairobi, katika kampuni ya mikopo iliyoanza kujitegemea juzi tu, utakabidhiwa hesabu za miaka iliyopita uzisome. Zisome, ila usiziamini upesi. Faida iliyomo ilipatikana wakati kampuni mama ililipa wanasheria, wakaguzi, bima na mitambo, kisha ikaitoza tanzu yake, yaani kampuni yenu kabla ya kujitenga, sehemu tu ya gharama. Tena ilikopa kwa jina lake kubwa na kuipa tanzu fedha kwa riba nafuu.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme kampuni ina deni la shilingi bilioni 2 kwa riba ya asilimia 9, na sokoni, ikiwa peke yake, inapewa kwa asilimia 14. Hiyo ni shilingi milioni 100 zaidi kila mwaka, kabla hata mkopaji mmoja hajashindwa kulipa. Kampuni inayoonekana kuwa na faida nono yaweza kumalizwa na mstari huo mmoja.

Kutoka hapo nenda kwa wenzako wa idara ya fedha, uulize madeni yanaiva lini. Kampuni iliyokopesha wateja kwa miaka mitatu huku yenyewe ikikopa kwa mwaka mmoja inategemea huruma ya wakopeshaji wake kila mwaka, na sasa haina mzazi wa kuidhamini. Uliza pia kama mikataba ina kifungu kinachompa mkopeshaji haki ya kudai fedha zake zote umiliki unapobadilika. Vifungu hivyo ni vya kawaida, na mara nyingi anayevijua ni mwanasheria peke yake.

Halafu kuna mkataba wa huduma za mpito. Kwa muda uliokubaliwa, kampuni mama huendelea kuendesha mifumo ya kompyuta, mishahara, pengine hata kituo cha simu. Tafuta tarehe ya mwisho ya kila huduma, ulinganishe na tarehe ambayo mfumo wenu utakuwa umejaribiwa na kukubalika. Tarehe hizo zikikaribiana mno, sema mapema, tena kwa maandishi. Msisahau taarifa za wateja zilizobaki kwenye seva za wengine: kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ninyi mnawajibika kwazo.

Wanaodhani kazi hii ni ndogo waangalie Barclays Africa, kundi la benki lililokuwa chini ya Barclays ya Uingereza. Barclays ya Uingereza ilipopunguza hisa zake humo mwaka 2017, ilitoa pauni milioni 765 kugharamia kutengana, na jina lake likaruhusiwa kutumika kwa miaka mitatu. Hapa kwetu Kenya, benki ya Barclays ilianza kuitwa Absa Februari 2020. Hilo lilikuwa kundi kubwa, lenye muda na fedha za kutosha. Kampuni ndogo hupewa miezi tu, wala hakuna wa kuichangia.

Sheria nayo haisubiri mtu azoee. Ikiwa mna leseni ya benki, sheria ya Desemba 2024 inataka mtaji wa msingi, yaani fedha za wenye hisa wenyewe, uongezeke kwa hatua kutoka shilingi bilioni 1 hadi bilioni 10 kufikia mwisho wa 2029. Zamani upungufu ungezibwa na kampuni mama. Sasa itabidi wenye hisa wachangie, faida isigawanywe, au atafutwe mbia.

Mwisho, wateja. Watasikia habari za kujitenga na watawauliza ninyi wa kaunta kama fedha zao ziko salama. Msibahatishe jibu. Benki yenye leseni ina kinga ya amana ya hadi shilingi 500,000 kwa kila mwenye amana. Kampuni ya mikopo isiyopokea amana haina kinga hiyo, na mtu aliyewekeza kwenye hati zake za deni anastahili kuambiwa hivyo kabla hajatia sahihi.