Kabla hujapanda kibanda cha Alpi, acha kwanza kudanganya kuhusu Kilimanjaro

Juzi nimetoka shifti ya usiku, hata viatu sijavua, nakuta meseji ya binti mmoja yuko Stuttgart anasoma unesi kama nilivyoanza mimi. "Dada shikamoo, wenzangu darasani wamenialika Jumamosi twende mlimani mpaka kwenye Hütte, wanasema ni matembezi tu ya siku moja, we si mtu wa Moshi, niambie nivae nini, na hiyo Hütte ndo nini?"

Nikacheka peke yangu jikoni kama chizi. Yaani kaniuliza mimi kwa sababu ni mtu wa Moshi, na hicho hicho ndo kiliniponza.

Tuanze na Hütte. Kwa Kijerumani ni kibanda, ila usije ukafikiria kibanda cha chipsi. Ni nyumba kamili, ya mawe au mbao, imekaa huko juu mlimani, wanapika, wanauza supu na bia, ukitaka kulala unalala. Nyingi ni za vyama vya wapanda milima. Hawa wenzetu wa Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani ninakoishi, kwenda Hütte wikiendi ni kama sisi kwenda kula nyama choma, tofauti ni kwamba mtu anapanda masaa mawili jasho linamchuruzika ili akale mkate na jibini halafu ashuke zake. Mwanzoni nilikuwa siwaelewi kabisa. Sasa hivi nawaelewa, ila imenigharimu.

Nakumbuka tulikuwa chumba cha mapumziko, nina miezi minne tu kazini hospitali hapa Munich. Wakaniuliza Tanzania unatokea wapi, nikasema Moshi, chini ya Kilimanjaro. Macho yakawatoka! Mmoja wao, nesi mama wa makamo, miguu yake kama ya mbuzi, kila Jumapili yuko milimani, akaniuliza: basi umeshapanda?

Sasa ukweli ni huu hapa na naungama hadharani. Kilimanjaro nimeiona maisha yangu yote kupitia dirisha la jikoni kwa mama. Safari ya shule ilitufikisha geti la Marangu, tukapiga picha, tukala maandazi, tukarudi. Aliyepanda ni baba mdogo, alikuwa mpagazi miaka mingi, kabeba mizigo ya wazungu mpaka mgongo ukagoma. Mi hata Mandara sijafika, na Mandara ndo kituo cha kwanza tu. Lakini wale watu walivyoniangalia, mimi ambaye wiki nzima nilikuwa naonekana sijui kitu, sijui hata mashine ya kahawa inawashwaje, nikajikuta nasema ndiyo. Mpaka juu? Mpaka juu. Mita 5,895. Na nikaongezea na baridi ya usiku wa mwisho, maji kuganda kwenye chupa, kichwa kuuma, hadithi zote za baba mdogo nikazifanya zangu.

Basi ikawa sifa. Mgonjwa akija anaambiwa huyu nesi kapanda Kilimanjaro. Mwezi wa sita wakapanga safari ya wodi, wakasema tunakupeleka sehemu ndogo tu, kwako wewe ni utani. Sehemu yenyewe ni Hütte inaitwa Purtschellerhaus, mita 1,692, kule Berchtesgaden, pembe ya kusini mashariki ya Ujerumani, chini ya mlima unaitwa Hoher Göll wenye mita 2,522. Nikapiga hesabu, 1,692 kwa mtu aliyefika 5,895 (kwa mdomo) ni kitu gani? Nikasahau kwamba Moshi mjini penyewe ni chini ya mita elfu moja. Mtu anayeishi chini ya mlima ni kama mtu anayeishi jirani na benki.

Nilivaa raba nyeupe. Sema tena dada: RABA NYEUPE, soli imelainika kama sabuni. Jinzi, mkoba wa begani, chai sijanywa, na usiku wa kuamkia juzi yake nilikuwa zamu. Mvua ilinyesha jana yake.

Basi linapanda barabara ya Rossfeld, inafika mpaka mita 1,570 hivi, tukashuka sehemu inaitwa Ahornkaser. Njia inaanza kwa KUSHUKA, ndo ikanidanganya, nikatangulia mbele naongea kwa sauti kama mwenyekiti wa msafara. Unashuka mpaka Eckersattel, bonde dogo kati ya milima, mita 1,414, na kuanzia hapo inapanda msituni, mizizi, mawe, tope, inakata kona inapanda, inakata kona inapanda. Dakika kumi nikanyamaza. Dakika ishirini moyo unapiga mpaka kwenye masikio, raba zinateleza kila hatua mbele nusu hatua nyuma, kisigino kimeshachunika. Akanipita mzee, hakika ana miaka sabini na kitu, fimbo mbili mkononi, anatafuna tofaa, akanisalimia Grüß Gott vizuri tu bila hata kuhema. Nikakaa kwenye kisiki, dunia inazunguka.

Yule mama miguu ya mbuzi akarudi akanitazama akasema, "Kilimanjaro walikubeba?" Wote wakacheka. Labda hakuwa na nia mbaya, sijui, mi nilisikia kicheko tu. Wakaendelea. Nimekaa pale kwenye kisiki masaa karibu mawili, simu ina asilimia kumi na mbili, manyunyu yananipiga, wao wanakula juu. Waliporudi wameniletea kipande cha keki kwenye karatasi. Ile keki sikuila. Tulipofika kituo cha basi nikawatupia ndege. Wiki iliyofuata kwenye grupu la wasapu la kazini nikawa Frau Kilimanjaro, yaani Bibi Kilimanjaro, na mwaka mzima nimeitwa hivyo, nikichelewa kupanda ngazi, Frau Kilimanjaro, nikiomba lifti isubiri, Frau Kilimanjaro. Natabasamu. Ndani nawaka.

Mazoezi sitakuchosha nayo, ni ngazi na ngazi na ngazi, naishi ghorofa ya sita na lifti nikaiaga. Buti nilinunua za bei ya punguzo, za msimu uliopita, rangi mbaya ya kijani hakuna aliyeitaka. Nikampigia baba mdogo Marangu nikamweleza yote hadi uongo. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema neno wanaloambiwa wageni wote kule: pole pole. Akaniambia ukiweza kuongea huku unatembea, uko sawa, ukishindwa kuongea umeanza kukimbia, punguza. Nikasema baba ndo hilo tu? Akasema ndo hilo tu, hela wanalipa kwa ajili ya hilo.

Jumamosi moja ya Septemba hii nikaenda. Peke yangu, jambo ambalo wewe usilifanye, mimi nilikuwa na hasira. Treni ya asubuhi kutoka Munich, unabadilisha Freilassing, kama masaa mawili na nusu unashuka Berchtesgaden, halafu basi la Rossfeld. Nilikula uji kabla sijatoka. Nilishuka mpaka Eckersattel kimya, nikaanza kupanda najisemea Kiswahili kwa sauti ya kawaida kama baba mdogo alivyosema, namsimulia mama ambaye hayupo habari za jirani. Wajerumani wanapita wananiona naongea peke yangu wananisalimia tu. Hilo nalo, jamani: Munich unaweza kukaa na mtu kiti kimoja kwenye treni mwaka mzima asikutazame usoni, lakini mpandishe mita elfu moja anakusalimia kila mita hamsini, Servus, Grüß Gott, na wanaacha ile "Sie" ya heshima wanakuita "du", yaani wewe, kama ndugu. Mlimani ndo nimewapata Wajerumani wenye salamu za kwetu.

Kile kisiki nilikiona. Nikakipita. Sitaki kusema nililia.

Halafu miti inapungua, unaona paa. Unafika, na upande mmoja Hoher Göll imesimama juu yako kama ukuta wa mawe matupu, upande wa pili bonde lote la mto Salzach mpaka mji wa Salzburg, Austria, na mbali kule mlima Dachstein una theluji yake. Nilikaa nje nikaagiza supu yenye bonge la mkate uliokandwa, wanaita Knödel. Mpaka wa Ujerumani na Austria unapita katikati ya nyumba, yaani mtu anaweza kuchukua supu nchi moja akainywea nchi nyingine. Ndo maana nakuambia mdogo wangu beba kitambulisho chako na kadi ya ukaazi, mwenzako mweupe akisahau ni mzaha, wewe ukisahau siyo mzaha.

Sasa nimeshiba, nikajiuliza hili jina Purtscheller ni la nani. Nikagugo. Nikaweka kijiko chini.

Ludwig Purtscheller. Mzaliwa wa Innsbruck, mwalimu wa michezo Salzburg, ule mji ule ninaouona kule chini. Ndiye aliyekuwa na Mjerumani Hans Meyer tarehe 6 Oktoba 1889 kwenye kilele cha Kibo, juu kabisa ya Kilimanjaro, wa kwanza kufika wanaojulikana! Shuleni tulikaririshwa Meyer, Meyer, Meyer, huyu wa pili hakuna aliyemtaja. Nyumba imefunguliwa 1900, mwaka uleule aliofariki. Kwa hiyo mimi, binti wa Moshi, nimedanganya kwamba nimepanda Kilimanjaro, halafu nikaenda kuaibika kwenye mlango wa nyumba yenye jina la mtu aliyeipanda kweli. Mungu ana utani wake.

Nikaendelea kusoma mpaka supu ikapoa. Meyer alijaribu 1887 akashindwa akarudi. Na hata 1889, tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta, wakaona kilele bado kiko mbele, wamechoka, wakageuza, wakashuka kupumzika, wakapanda tena siku tatu baadaye. Purtscheller aligeuza! Hakuna aliyemwita Herr, yaani Bwana, Kilimanjaro.

Lingine likaniuma kidogo. Nyumba ya mawe kapewa Purtscheller, na kule Mawenzi kuna kilele kina jina lake. Lakini kuna Muini Amani wa Pangani, aliyekaa nao kambi ya juu kwenye baridi ile akiwapikia, na mzee Yohani Lauwo wa Marangu ambaye kwetu tunaambiwa ndiye aliyewaonyesha njia. Nikamfikiria baba mdogo na mgongo wake. Hayo tuyaache, ni makala nyingine.

Sasa ushauri, maana ndo uliomba. Buti. Zinazoshika kifundo cha mguu, soli yenye meno, na uzivae nyumbani wiki mbili kabla, usizizindulie mlimani. Koti la mvua hata jua likiwaka, maana kiangazi radi zinapenda kuja mchana, kwa hiyo anza asubuhi, saa nane mchana uwe unashuka. Maji lita moja na nusu. Pesa taslimu, kadi siyo kila kibanda wanapokea. Soma kibao cha njano, kinakuandikia masaa siyo kilomita, na yale masaa ni ya kwao, wewe ongeza nusu. Njia zina rangi, bluu rahisi, nyekundu wastani, nyeusi achana nayo. Angalia basi la mwisho la kurudi kabla hujaondoka, siyo ukiwa na supu mdomoni. Ukiumia piga 112, simu ikifa toa ishara sita kwa dakika moja, filimbi au tochi, unatulia dakika moja unarudia. Na buti, nimeshasema?

Na kula asubuhi. Sisi tuna tabia ya kutoka na chai ya rangi tu tukidhani ni ushujaa. Siyo ushujaa. Na acheni kukaa ndani wikiendi nzima mnaangalia tamthilia na kulalamika Ujerumani pana upweke, hii milima haimilikiwi na mtu, njia ni bure, basi lipo, tunalipa kodi kama wao. Mnasubiri mualikwe? Na mkialikwa msiende na uongo, maana mlima hauulizi unatoka wapi, unauliza umevaa nini. Mtu akikuuliza umeshapanda Kilimanjaro, sema sijapanda, ni dola nyingi. Ni jibu zuri tu na hakuna atakayekucheka zaidi ya walivyonicheka mimi.

Pale pale juu nilipiga picha kibao cha nyumba, buti zangu za kijani zikionekana chini, nikairusha kwenye grupu la wasapu. Nikaandika kwa Kijerumani changu: Nimefika. Halafu Kilimanjaro sijawahi kupanda, nilidanganya, aliyepanda ni baba yangu mdogo, alikuwa anabeba mizigo.

Tiki za bluu zikaja moja moja. Hakuna aliyeandika kitu. Nikashuka pole pole, magoti yanatetemeka, maana kushuka nako hawakuambii, ni kazi kuliko kupanda, nikalala kwenye treni mpaka Munich.

Jumatatu nimekutana na yule mama kwenye kabati la dawa. Akahesabu vidonge vyake, akasaini, akafunga. Halafu akauliza zile buti za kijani nilinunua duka gani.