Maswali ya Wasomaji: Medicare ya kawaida au mpango wa kampuni?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimefanya kazi Marekani zaidi ya miaka kumi na mwakani natimiza miaka 65, umri wa kuingia Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani. Mawakala hawaishi kunipigia simu wakininadia mpango wa Medicare Advantage usio na ada ya mwezi, wenye matibabu ya meno na miwani. Kila mwaka hukaa Mombasa miezi kadhaa. Je, nijiunge?
Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Ndugu msomaji, mpango huo ni njia nyingine ya kuipata Medicare yenyewe: serikali huilipa kampuni binafsi kwa kila mwanachama, nayo kampuni hugharimia Sehemu A, ya hospitali, na Sehemu B, ya madaktari. Hata pale wakala asemapo hakuna ada, ile ya Sehemu B, iliyokuwa dola 185 kwa mwezi kwa watu wengi mwaka 2025, utaendelea kuilipa.

Manufaa yapo, hususan kikomo cha fedha zitakazokutoka mfukoni kwa mwaka, ambacho Medicare ya kawaida, ile inayoendeshwa na serikali yenyewe, haina ingawa hukuachia asilimia 20 ya gharama nyingi za Sehemu B. Hata hivyo, mara nyingi utafungwa na madaktari wenye mkataba na kampuni, na matibabu kadhaa yatasubiri idhini yake.

Kwako wewe, jambo zito ni Mombasa. Medicare ya kawaida hailipii matibabu ya ng'ambo ila kwa nadra sana; baadhi ya mipango ya kampuni hulipia dharura huko, lakini kwa kawaida humwondoa mwanachama anayekaa nje ya eneo la mpango wake zaidi ya miezi 6 mfululizo. Zipo pia bima za nyongeza juu ya Medicare ya kawaida, ziitwazo Medigap, zisizochanganywa na Advantage, ambazo baadhi yake, ukishatoa dola 250, hulipa asilimia 80 ya dharura itokeayo katika siku 60 za mwanzo za safari, hadi dola 50,000 maishani mwako.

Mawakala wengi hulipitia haraka hili: katika miezi 6 tangu uwe na miaka 65 na Sehemu B, kampuni ya Medigap haiwezi kukukataa kwa sababu ya maradhi, lakini muda huo ukipita, katika jimbo lako inaweza, isipokuwa katika hali chache, kama vile kuiacha Advantage uliyoanza nayo ukitimiza miaka 65 kabla haijafika miezi 12. Kwa hiyo, kama kipato kinaruhusu, ningeanza na Medigap, meno nikayalipia mwenyewe. Kabla ya kutia saini, wasiliana na OSHIIP, huduma ya jimbo la Ohio inayotoa ushauri wa Medicare bila malipo.