Tazama sakafu kabla ya viti

Mhariri, wiki hii mmeuliza: anayetaka gari moja la kubeba watu na mizigo, anunue Toyota Noah au Toyota HiAce? Mimi napika kwenye harusi na matanga. Jumamosi hutoka Kondele na wapishi wangu, sufuria kubwa kubwa, mitungi ya gesi na magunia ya mchele wa Ahero, tukielekea Vihiga au Siaya. Nasema HiAce.

Noah ni gari tamu, sikatai. Ukiendea harusi utashuka nguo hazijakunjamana. Lakini viti vyake vya nyuma huinuliwa vikafungwa pembeni, kushoto na kulia, na vikishakaa hapo vinakula upana wa gari. Sufuria ya pilau utaiingiza kwa kubishana. Toyota Sienta, pamoja na udogo wake, imeishinda hapo: viti vya safu ya tatu vinajificha chini ya vile vya pili na sakafu inabaki wazi. Ila injini ni ya lita 1.5. Ijaze, kisha upande kilima cha Riat kuelekea Kiboswa uone.

Kuna jambo ambalo madalali hawalitaji. Noah nyingi na Sienta nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele. Mzigo ukikaa nyuma, pua inakuwa nyepesi, na kwenye vilima vya udongo vya Vihiga mvua ikinyesha, magurudumu hayo yanazunguka bure huku wapishi wakishuka kusukuma na aproni zao. HiAce inasukumwa na magurudumu ya nyuma, basi mzigo wenyewe unayakandamiza chini. (Ikiwa tupu nayo huteleza, dereva asijisifu.) Injini yake iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo karibu urefu wote wa gari ni wako. Gharama yake ni joto miguuni, na springi ngumu zinazorusha abiria kama hamna mzigo.

Bei ndiyo kikwazo. Sheria hairuhusu kuingiza Kenya gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo HiAce inayotoka Japani si ya mfuko mwepesi. Wengi wetu huishia kununua iliyokuwa matatu. Si dhambi, lakini ingia uvunguni na fundi wako, si wa muuzaji: angalia kutu, alama za kuchomelea, na matundu viti vilipofungiwa. Kisha ng'oa safu ya nyuma, weka pete za chuma sakafuni za kufungia mitungi. Ukishika breki ghafla, mtungi usiofungwa unamfuata abiria kisogoni.

Na bima msiisahau. Ukikata ya gari la kibinafsi ilhali unabeba mali ya biashara, siku ya ajali kampuni itapata sababu ya kukunyima fidia. Mwambie wakala wazi unabeba nini, hata kama malipo yatapanda.

Mpishi, Kondele, Kisumu