Umefeli tena mtihani wa lori? Tafuta kwanza ulipofelia

Wengi wanaofeli mtihani wa lori mara mbili, tatu, hata nne, hufelia mahali palepale. Leo kagonga koni akirudi rivasi. Anaondoka, anaenda Muheza na kurudi wiki nzima akiwa na mwalimu, anarejea kwenye mtihani na kugonga koni ileile. Barabara ameizoea kweli, ila kwenye rivasi hajaongeza kitu. Kijana wa Tanga anayehangaikia daraja E, leseni ya magari makubwa, hatuna haja ya kumwambia ajipe moyo, maana moyo anao, asingekuwa nao asingerudi. Tunamwambia alijue kosa lake, kisha mazoezi yake yote ayapeleke pale.

Siku uliyofeli usiondoke kwa hasira. Mfuate askari aliyekupima, mwambie kwa adabu: "Afande, naomba unielekeze nilipokosea nikajirekebishe." Usibishane naye, usijitetee kwamba gari lilikuwa bovu. Andika alichokwambia palepale, kwa maneno yake mwenyewe. Ukichelewa, utafika kijiweni Kange na utaambiwa umefeli kwa sababu hukutoa kitu kidogo. Ukishaliamini hilo, mazoezi yamekwisha, unaanza kutafuta hela. Hatulisemi hili kwa wepesi: mwenye leseni ya kununua anakabidhiwa tani hamsini na zaidi, na mbele yake kuna watoto wa shule wanavuka barabara pale Pongwe.

Tukianza na rivasi, huko ndiko wengi wanakoangukia, hasa wenye semi, yaani lori ambalo kichwa chake kinavuta tela. Lori la kawaida linarudi kama gari dogo. Tela linakwenda kinyume: ukikata usukani kushoto, mkia wa tela unakwenda kulia. Kichwa kinalijua hilo, lakini mikono inasahau ukiwa na wasiwasi. Dawa yake ni kushika usukani chini kabisa, kwa mkono mmoja. Hapo ukipeleka mkono kulia, tela linakwenda kulia, ukiupeleka kushoto, linakwenda kushoto. Hakuna tena cha kugeuza akilini.

Anza na mstari ulionyooka, mita thelathini hivi, na usihamie kwenye kona mpaka mstari umeukamilisha bila kusimama. Koni si lazima, madumu ya lita 20 yenye mchanga kidogo yanatosha. Lori lina upana wa karibu mita 2.5, kwa hiyo panga madumu kwa upana wa mita 3.5 kwanza, ukizoea punguza hadi 3. Tumia gia ya rivasi ya chini kabisa, mguu usiguse mafuta, acha injini isukume yenyewe. Angalia saitimira zote mbili kwa kupokezana. Tela likianza kuonekana sana kwenye kioo cha kulia, kata usukani kulia kidogo (mkono ulioshika chini unakwenda kushoto). Likionekana sana kushoto, kata kushoto. Kidogo maana yake robo ya mzunguko, kisha unasubiri. Tela halijibu papo hapo, na hapa ndipo panapoharibika: mtu anakata, haoni kitu, anaongeza, anaongeza tena, na tela likija kuitikia linakuja lote kwa pamoja na kujikunja. Likishajikunja huwezi kuliokoa kwa kuendelea kurudi. Simama, vuta mbele, linyooshe, anza upya.

Kona ya kulia jifunze kwanza, kwa sababu dereva wa kwetu anakaa kulia na analiona tela lote dirishani. Ya kushoto ni ya upofu, iache mpaka ya kulia imekaa sawa. Kwenye zote mbili, tela likishaanza kuingia, rudisha usukani na ukiache kichwa cha lori kilifuate. Anayechelewa kurudisha ndiye anayegonga koni ya ndani. Usipokuwa na uhakika, simama, vuta handibreki, shuka ukatazame. Kuna wanaoona aibu kushuka mbele ya wenzao. Dereva mzoefu bandarini anashuka.

Eneo la pili linaloangusha watu ni ukaguzi wa gari kabla ya kuondoka, na humo breki ya upepo ndiyo mzizi. Ukisema tu "nimekagua breki" hujasema kitu. Washa injini, subiri mishale yote miwili ya geji ipande, kwa kawaida hadi kati ya baa 8 na 10 (baa ni kipimo cha nguvu ya upepo). Mmoja ni wa saketi (njia ya upepo) ya breki za mbele, mwingine wa nyuma. Zima injini, acha swichi ikiwa imewashwa, weka vizuizi kwenye tairi, achia handibreki. Kanyaga breki, shikilia dakika nzima ukitazama mishale. Ikishuka zaidi ya robo ya baa hivi, kuna mahali upepo unavuja, tafuta ule mluzi kwenye mipira ya upepo na viungo vyake. Kisha pampu pedali mara kadhaa mpaka taa nyekundu na king'ora viwake, kwa magari mengi ni karibu na baa 5. Ukielewa kwa nini, hutasahau hatua: handibreki ya lori inashikwa na springi, upepo ndio unaoiachia. Upepo ukiisha, springi inabana yenyewe. Kwa hiyo lori lisilo na upepo halitembei, na anayelilazimisha kuondoka mapema anaunguza breki na kufeli papo hapo.

Maji kwenye mitungi ya upepo yatolewe kila asubuhi. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na maji yakibaki humo yanakula valvu.

Kufunga tela ni fupi kulieleza, lakini hatua zake hazibadilishwi mpangilio. Kabla hujarudi chini ya tela, hakikisha limekaa chini kidogo kuliko sahani ya kichwa (bamba la nyuma ya kichwa linalobeba tela), ili sahani iliinue. Likiwa juu mno, pini ya chini ya tela inapita juu ya kufuli la sahani na tela litaachia barabarani. Rudi taratibu mpaka usikie mlio wa kufunga, weka gia ya mbele ya chini, jaribu kulivuta huku breki za tela zikiwa zimeshika. Shuka na tochi, utazame kwa macho kama taya zimeizunguka pini. Baada ya hapo ndipo mipira (mwekundu ndio unaopeleka upepo kwenye mtungi wa tela, wa njano unapeleka amri ya breki), waya wa taa, miguu ya tela juu, na mwisho handibreki ya tela.

Barabarani Tanga ina mtihani wake: baiskeli. Mji huu una waendesha baiskeli wengi, nao hukaa kushoto kwako, mahali ambapo saitimira haioni vizuri. Ukikata kushoto kuingia moja ya barabara za Ngamiani, tairi za nyuma za tela hazifuati njia ya kichwa, zinakata kona kwa ndani. Peleka kichwa mbele kupita pembe ndipo ukate, huku jicho likirudi kioo cha kushoto mara kwa mara mpaka tela zima limenyooka. Mkaguzi anatazama macho yako kuliko mikono, kwa hiyo geuza shingo aone. Kwenye kipilefti, aliyemo ndani ana haki. Kwenye njia ya reli, punguza na utazame pande zote mbili hata kama hujawahi kuona treni pale. Kasi ni 50 kwenye makazi na 80 nje ya mji kwa gari lenye zaidi ya kilo 3,500, na wanafunzi hufelia sana kibao cha 50 wanapoingia Pongwe wakitokea Segera.

Tatizo jingine la huku ni kwamba mji ni tambarare. Unajifunza miezi bila kupandisha mlima, halafu unaambiwa usimame kwenye mwinuko uondoke tena. Mwombe mwalimu akutafutie mwinuko, hata mfupi, mkautumie nusu siku: handibreki imeshika, gia ya kwanza, achia klachi mpaka usikie injini inazama, ongeza mafuta kidogo, ndipo uachie handibreki. Ukishikilia klachi nusu kwa muda mrefu, pleti inaungua na utainusa. Kwenye mteremko chagua gia kabla hujaanza kushuka, ile ambayo ungepandia au ndogo zaidi, na usiachie gari frii hata mara moja. Anayetegemea pedali peke yake kuteremka Lushoto hadi Mombo anachemsha breki mpaka zinakataa, na kila anapopampu anapunguza upepo.

Jambo ambalo wengi hawaulizi: mtihani utafanyika kwa gari lipi? Aliyejifunza Fuso akikabidhiwa kichwa cha semi, gia zinampotea, kwa sababu pale kwenye kishikio kuna kidude cha kuhamisha kutoka gia za chini kwenda za juu. Lipia hata saa mbili za gari la aina hiyohiyo kabla ya siku yenyewe.

Kuhusu muda, usirudi kesho yake na usikae mwaka. Kosa likiwa moja, wiki mbili au tatu za mazoezi ya kosa hilo tu, kila siku saa moja, zinafaa kuliko siku moja ndefu, maana mikono inachoka na kuanza kujifunza makosa. Kama hela ya gari hakuna, kuwa utingo ni shule nzuri: utajua kukagua, kufunga tela, kuongoza rivasi kwa ishara. Ila usikubali kuachiwa usukani barabara kuu bila leseni ya kujifunzia, vibao vya L na dereva mwenye leseni pembeni yako. Ikitokea ajali utaipoteza leseni kabla hujaipata.

Asubuhi ya mtihani kula kitu, fika mapema, lizunguke gari lote. Wakati wa ukaguzi sema kwa sauti kila unachokishika, kwa sababu mkaguzi hawezi kukupa alama ya ulichokiona kimoyomoyo. Ukifanya kosa dogo katikati, endelea na hatua inayofuata. Wengi hupoteza mtihani mzima wakifikiria koni moja.

Ukishapata leseni, tegemea tajiri, mwenye lori, kukupima tena mwenyewe yadini, na atakupima rivasi. Mwombe mwezi wa kwanza akupe safari fupi, saruji kutoka Pongwe kwenda mjini au Korogwe, kabla hujakubali mzigo wa Tunduma.