Maswali ya mvutano: jamani, ulizeni namba

Relativiti ya Einstein, hiyo ya muda na mvutano, si ni nadharia tu, mbona mnaitangaza kama kweli? (Sakina, Arusha)

Hili nalijibu kila mwezi na halichoki kurudi. Nadharia kwenye fizikia sio kubahatisha, ni hesabu inayotoa namba, mtu mwingine anaenda kuipima, ikikataa basi imekufa. Einstein mwaka 1915 alisema jua linapinda mwanga wa nyota kwa kiasi fulani, 1919 jua lilipopatwa akina Eddington, mtaalamu wa nyota Mwingereza, wakaenda kupima kisiwa cha Príncipe (pwani ya Afrika Magharibi) na Brazil, ikakubali. Hata ramani ya bodaboda wako inaitegemea, maana saa za satelaiti za GPS zingeachwa hivihivi zingetangulia za huku chini kwa maikrosekunde 38 (milioni moja ya sekunde ni maikrosekunde moja) kila siku, na GPS inapima umbali kwa muda ambao mawimbi yake, yenye kasi ya mwanga, yanachukua kufika; maikrosekunde hizo mwanga unakimbia kilomita 11.

Eti juu ya Kili muda unaenda haraka kuliko Moshi?

Ndio, kadiri unavyopanda mvutano unapungua na muda unaenda haraka. Mjini tuko mita mia nane na kitu, Uhuru ni 5,895, saa ya atomu ukiiacha kule inatangulia ya mjini kama nanosekunde 47 (bilioni moja ya sekunde ni nanosekunde moja) kwa siku. Na hata usipande mlima, 2022 watu wa JILA, taasisi ya fizikia kule Colorado, Marekani, waliipima tofauti hiyo ndani ya mwinuko wa milimita moja tu!

Shimo jeusi, lile ambalo hata mwanga hautoki, litatumeza lini?

Halitumezi. Hata jua lingekuwa shimo jeusi la uzito uleule, dunia ingeendelea kulizunguka palepale.

Kwa nini mvutano na kwanta (fizikia ya chembe ndogo kabisa) haviungani?

Sugua chanuo la plastiki kwenye nywele kavu, lisogeze kwenye vipande vya karatasi, vinaruka. Dunia nzima inavivuta chini na chanuo limeshinda! Mvutano ni dhaifu kiasi hicho, ndio maana kuupima kwenye chembe mojamoja ni kazi ngumu mno, na ukiuhesabu kwa njia iliyofaa kwenye umeme unapata infiniti, yaani majibu yasiyo na kikomo, zisizofutika. Nadharia ya nyuzi, inayojaribu kuviunganisha, ipo, nyingine zipo, ila hakuna iliyotoa namba ya mvutano wa kwanta ikapimwa ikakubali. Anayekwambia limeshatatuliwa muulize namba.

Nimepata fomula inayounganisha vyote, nikutumie?

Ina namba ya kupima? Kama haina usitume.

Na hili hamjaniuliza ila linaniuma: bangili zinazouzwa kwa jina la kwanta eti zinashusha presha hazina kwanta yoyote ya kukutibu. Kama umevaa moja sasa hivi, vidonge vyako usiviache, tafadhali.